QI: neno la herufi mbili litakalokutua mzigo wa Q

Mtu akitia mkono kwenye mfuko wa Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, akatoka na Q, utamwona uso unambadilika. Herufi yenyewe ina pointi 10, sawa na Z, na hakuna iliyo juu yao. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba Q haitembei bila U, na katika vipande 100 vya mchezo huu U ziko 4 tu. Basi mchezaji anaibana Q kwenye kona ya kibao chake, anacheza na herufi sita badala ya saba, na kuingoja U zamu baada ya zamu. Mchezo unakwisha, U haikuja, na zile pointi 10 anakatwa.

Mimi nilicheza hivyo kwa miaka. Jioni moja mpinzani wangu, mtu mzima mpole asiyependa makeke, aliweka vipande viwili tu, Q na I, akaandika pointi 64 na kunyamaza. Nilidhani amekosea hesabu. Nikafungua kamusi, neno lipo. Nikahesabu upya, 64 ni zake. Yaliyomo humu ni yale niliyojifunza tangu jioni ile: QI maana yake nini, limetoka wapi, linawekwaje ubaoni, na jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, kwamba sisi tunaosema Kiswahili tuna akiba ya maneno ya Q ambayo Mwingereza mwenyewe inambidi ayakariri.

Hatua ya 1: Lielewe neno kabla ya kulicheza

Usiruke sehemu hii. Neno unalolielewa halikutoki kichwani, na mtu akilipinga mezani utalitetea bila kubabaika.

QI ni nomino iliyotoka katika Kichina. Maana yake ya mwanzo ni mvuke, hewa, pumzi. Kutoka hapo likapanda hadi kumaanisha nguvu ya uhai inayopita katika mwili wa mtu na katika ulimwengu mzima. Tiba ya jadi ya Kichina imesimama juu ya wazo hilo: mtu ni mzima qi yake ikipita vizuri katika njia zake, huugua ikikwama au ikipungua, na sindano za akupancha huchomwa kwa nia ya kuifungulia njia. Wanafalsafa nao waliishughulikia. Mengzi, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alizungumzia qi iliyo pana na yenye nguvu ambayo mtu huilea ndani yake kwa kutenda haki.

Kwetu wazo hili si geni sana. Tunaposema mtu amekata roho, tulichokiona kwa macho ni pumzi iliyokoma. Uhai na hewa vinakaa pamoja katika lugha yetu pia. Hata Mchina wa leo hatumii neno hili kwa falsafa pekee. Hali ya hewa kwake ni tianqi, yaani qi ya mbingu. Hewa tunayovuta ni kongqi. Na mtu akikasirika husemwa shengqi, qi imezaliwa ndani yake. Mwandiko wa kale, 氣, una alama ya mvuke na ndani yake alama ya mchele; mwandiko uliorahisishwa, 气, umebakiza mvuke peke yake.

Matamshi: sema "chi" na uivute i kidogo. Si "kwi" wala si "ki". Katika Kichina sanifu sauti huanza juu na kushuka kwa ghafla, ndiyo toni ya nne, lakini mezani hakuna atakayekudai toni.

Hatua ya 2: Wajue ndugu zake, maana nao wana pointi

Kama linatamkwa "chi", kwa nini linaandikwa kwa Q? Jibu ni pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi ulioidhinishwa rasmi nchini China mwaka 1958. Waliouunda walikuwa na sauti nyingi zinazokaribiana na "ch" yetu, wakaigawia kila moja herufi yake, na ile laini inayotamkwa ulimi ukiwa karibu na kaakaa wakaipa Q. Kabla ya hapo Waingereza walitumia mfumo wa Thomas Wade na Herbert Giles wa karne ya 19, ambao neno hilohilo uliliandika ch'i. Kwa hiyo Kiingereza kilipokea neno moja mara mbili, kwa nguo mbili tofauti: CHI na QI. Yote mawili yanakubalika katika Scrabble.

Kisha Wajapani, waliochukua mwandiko huo kutoka China zamani sana, wanalisoma "ki". Hilo nalo limeingia Kiingereza: KI. Ukishalijua hilo utaanza kuliona neno letu mahali ambapo hukulitegemea. Katika AIKIDO, sanaa ya kujihami ya Kijapani, ndilo silabi ya katikati. Katika REIKI, tiba ya Kijapani ya kuwekea mikono, ndilo la mwisho. Katika QIGONG, yale mazoezi ya kupumua na kunyoosha mwili, ndilo la kwanza, na gong ni kazi au ustadi unaopatikana kwa kazi.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata watu waliosoma hulifanya. "Chi" iliyomo katika tai chi si qi. Ni neno jingine, ji kwa pinyin, lenye maana ya kilele au mwisho kabisa wa kitu. Mfumo wa zamani uliyaandika maneno hayo mawili kwa tofauti ya alama ndogo tu, na alama ilipoanguka watu wakadhani ni moja. Na CHI ina mzazi wa pili: ni jina la herufi ya Kigiriki pia, na hiyo Waingereza huitamka "kai". Ubaoni haidhuru unamaanisha ipi.

Hatua ya 3: Vunja ile kanuni ya shuleni

Kanuni kwamba Q huandamana na U ni ya tahajia ya Kilatini. Warumi walirithi herufi tatu kwa sauti moja ya "k", yaani C, K na Q, na Q wakaiweka kando kwa ajili ya mahali inapofuatwa na U. Waingereza wa kale hawakuwa na desturi hiyo. Malkia waliandika cwen, na kilicho hai, maana ya zamani ya quick, wakaandika cwic. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa wakabadilisha cw kuwa qu, na maneno yale yakawa queen na quick.

Kwa hiyo kanuni inayahusu maneno yaliyopita mikononi mwa waandishi hao. Neno lililoingia Kiingereza baadaye, kutoka lugha inayoitumia Q kwa sauti yake yenyewe, halina deni kwa Warumi. Milango iliyopitisha maneno hayo ni michache, na ukiifahamu hutakariri orodha kama kasuku. Mmoja ni pinyin, ulioleta QI na QIGONG. Mwingine ni wa Kizulu, ambako Q ni sauti ya kidoko, ulimi ukibanduliwa kwa kishindo kutoka kaakaani. Huo umeleta MBAQANGA, muziki wa Afrika Kusini. Wainuiti wa kaskazini ya mbali wameleta UMIAQ, mashua ya ngozi. Waalbania wameleta QINDARKA, sehemu ya mia ya fedha yao, leki. Na mlango mpana kuliko yote ni Kiarabu, ambao nitaurudia baadaye kwa sababu huo ni wetu.

Hatua ya 4: Kubalianeni kamusi kabla ya kuchanganya vipande

Fanya hivi kila mara, hata mkicheza ndugu kwa ndugu. Scrabble ya Kiingereza ina orodha kuu mbili za maneno. Moja ni Collins Scrabble Words, inayotumika katika sehemu kubwa ya dunia. Nyingine ni ya Marekani na Kanada, ambako wachezaji wa nyumbani hutumia kamusi ya Merriam-Webster. QI imo katika zote. Amerika Kaskazini iliipokea katika toleo la nne la kamusi hiyo mwaka 2005, na mashindano yakaanza kuitumia mwaka 2006. Ndiyo maana utakutana na mchezaji wa siku nyingi, hodari kabisa, anayeshikilia kwamba neno hilo halipo. Alipojifunza yeye, kwake halikuwepo. Mwonyeshe kamusi kwa adabu.

Wingi wake ni QIS, halali pia. QI ndilo neno pekee la herufi mbili lenye Q, basi hakuna haja ya kutafuta jingine.

Jihadhari pia na taratibu za kupinga. Mahali pengine anayepinga neno lililo sahihi hupoteza zamu yake, pengine hapotezi kitu. Ukijua mwenzako anaishuku QI na utaratibu ni ule wa kupoteza zamu, iweke tu na usiseme lolote.

Hatua ya 5: Iweke ubaoni

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo twende polepole.

Q ina pointi 10, I ina 1. QI mahali pa kawaida ni pointi 11. Kwenye kisanduku cha neno mara mbili inakuwa 22, cha neno mara tatu 33. Q ikikaa kwenye kisanduku cha herufi mara mbili unapata 21, na cha herufi mara tatu 31. Haya yakae kichwani kabisa, uyataje usingizini.

Namna ya kwanza ya kuicheza ni rahisi: kutumia I ambayo tayari ipo ubaoni. Tuseme kuna neno lililolazwa, kutoka kushoto kwenda kulia, lenye I ndani yake. Juu ya hiyo I pako wazi, na chini yake pako wazi. Unaiweka Q juu yake, nawe umeandika QI kwenda chini kwa kipande kimoja tu. Angalia mambo mawili: chini ya I kusiwe na herufi, na ubavuni mwa Q, kushoto na kulia, kusiwe na herufi zitakazojiunga nayo kuunda takataka. Neno likiwa limesimamishwa, geuza: Q inakaa kushoto mwa I, na kulia kwake kuwe wazi.

Namna ya pili ndiyo iliyonipiga jioni ile. I moja iko ubaoni, nyingine iko mkononi mwako, na Q inasomwa mara mbili, kwa kulala na kwa kusimama. Acha nikuonyeshe vipande vilivyokaa.

Mchezaji wa kwanza aliweka EARN katika safu ya 8, E ikiwa nguzo ya G, A kwenye nyota ya katikati. Wa pili akasimamisha BITE katika nguzo ya G, ikishuka hadi kuikuta ile E. Ubao ukawa hivi, na nukta ni kisanduku kitupu:

. B . . .
. I . . .
. T . . .
. E A R N

Kushoto kwa I ni kisanduku cha F6, na F6 ni cha herufi mara tatu. Akaweka Q hapo, na I ya mkononi chini yake:

. B . . .
Q I . . .
I T . . .
. E A R N

Hesabu pole pole. QI ya kusimama: Q mara tatu ni 30, I ni 1, jumla 31. QI ya kulala: Q ileile mara tatu ni 30, na I ya BITE 1, jumla 31. Kisha I mpya imegusana na T, ikaunda IT, pointi 2. Jumla 64, kwa vipande viwili. Kuna wanaomaliza herufi zote saba, wakapewa zile pointi 50 za nyongeza, na bado hawafiki mbali zaidi ya hapo.

Kumbe siri iko hapa: kisanduku cha thamani hulipa kwa kila neno linalopita juu ya kipande kilichowekwa zamu hiyo. Q iliyosomwa mara mbili kwenye herufi mara tatu hulipwa mara tatu mara mbili. Kwenye kisanduku cha kawaida QI mbili ni 22, kwenye herufi mara mbili 42, kwenye neno mara mbili 44, kwenye neno mara tatu 66. Ndiyo maana, ukiwa na Q na I mkononi, jambo la kwanza si kuangalia neno gani linatengenezeka. Tafuta I zote zilizo ubaoni, kisha tazama ni ipi iliyo jirani na kisanduku cha rangi.

Na ukiona pengo kama hilo huku Q huna, lizibe. Mpinzani anaweza kuwa nayo, au akaichomoa zamu ijayo. Mimi niko radhi kupoteza pointi tano au sita kuifunga I iliyokaa karibu na kisanduku cha herufi mara tatu, hasa kama Q haijaonekana bado.

Kitu kimoja cha kukumbuka baada ya kuiweka QI: inaungika S. Mpinzani mwenye S anaweza kulipitisha neno lake kwenye mwisho wa QI yako, akaligeuza QIS, akajichukulia pointi 12 juu ya zile za neno lake. Ukiweza kuchagua, iweke QI mahali ambapo kisanduku kinachofuata kimezibwa au kiko ukingoni mwa ubao.

Hatua ya 6: Iongoze Q tangu inapoingia mkononi

Q ikiingia mapema, usiipe mamlaka juu ya mchezo wako. Jiulize maswali kwa mpangilio huu. Kuna mahali QI inakaa zamu hii kwa pointi 20 au zaidi? Icheze. Kuna mahali inakaa kwa 11 tu? Hapo tazama herufi nyingine ulizonazo. Kama zina mwelekeo mzuri, S moja, kipande kitupu (kile kinachosimama badala ya herufi yoyote), konsonanti laini na irabu za kutosha, mimi huitoa Q hata kwa hizo 11, ili nafasi iliyoachwa iingie kitu kitakachosaidia kumaliza zote saba. Kama zilizobaki ni mbovu, sina haraka. Naweza kusubiri zamu moja mahali pazuri pafunguke.

Ukiisubirisha, basi ishikie I. I ziko 9 kwenye mchezo, U 4, hivyo anayengojea I ana nafasi iliyo zaidi ya maradufu ya yule anayengojea U. Lakini I moja yatosha. Zikiwa tatu mkononi umejitafutia mzigo mwingine.

Zamu mbili zikipita bila njia, badilisha. Kanuni za mchezo zinakuruhusu kurudisha vipande mfukoni na kuchukua vingine kwa gharama ya zamu, mradi mfukoni mna vipande visivyopungua 7. Watu wengi hulionea uchungu hilo, wakaendelea kubeba Q hadi mfuko unakaribia kwisha na mlango wa kubadilisha umefungwa. Zamu iliyopotea katikati ya mchezo inauma, ila kucheza zamu sita kwa herufi sita kunauma zaidi, tofauti ni kwamba maumivu yake yamesambaa na huyaoni.

Mwisho wa mchezo Q ni hatari kweli. Ikikubakia mwenzako akamaliza, unakatwa 10 naye anaongezewa 10, yaani pengo la 20. Kwa hiyo mfuko ukikaribia kukauka anza kuhesabu. Ziko I ngapi ubaoni, ngapi mkononi mwako? Zikitimia 9, hakuna tena ya kuchomoa; imebaki kutegemea zilizo wazi ubaoni au kipande kitupu.

Hesabu hiyohiyo igeuze silaha. Mfuko ni mtupu, Q haiko ubaoni, haiko kwako. Basi iko kwa mpinzani. Pitia kila I iliyo wazi na uifunge, moja moja, kuanzia ile ya thamani kubwa. Akishakwama hawezi kumaliza herufi zake, na hapo huna haja ya kukimbia: kama una vipande vinne, vicheze kidogo kidogo kila kimoja mahali pake pazuri, huku yeye akipitisha zamu. Nimeona mchezo uliokuwa umepotea kwa pointi 30 ukigeuzwa hivyo.

Hatua ya 7: Fungua akiba ya Kiswahili

Sasa nirudi kwenye ule mlango mpana. Kiarabu kina herufi qaf, ق, sauti ya "k" inayotoka kooni kabisa. Waingereza walipoyaandika maneno ya Kiarabu kwa herufi zao, qaf mara nyingi waliipa Q. Sisi tuliyapokea maneno hayohayo, ila sauti ile ya kooni hatukuwa nayo, tukaifanya K. Kwa hiyo neno la Kiswahili lenye K lililotoka Kiarabuni linaweza kuwa na ndugu yake katika kamusi ya Kiingereza, amevaa Q bila U. Mwingereza anayaona haya kama maneno ya ajabu ya kukariri. Sisi tumekua nayo.

Chukua kadhi. Katika Collins ni QADI, pointi 14. Herufi zilezile ukizipanga upya unapata QAID, kiongozi au mtawala wa mahali katika nchi za Kiarabu za Afrika Kaskazini. Usilichanganye na kaidi yetu. Herufi nne, maneno mawili, na unachagua linalokaa vizuri ubaoni. Zaidi ya hayo kadhi yuleyule anakubalika pia kama KADI na CADI, kwa hiyo ukiwa na K au C badala ya Q hukukosa.

Wakfu ni WAQF, na hili nalipenda kupita yote kwa sababu konsonanti zake zote tatu ni za thamani: W 4, Q 10, F 4, pamoja na A ni 19 kabla ya kisanduku chochote cha rangi. Angalia tu kwamba kwa Kiingereza halina ile U ya mwisho. WAKFU kwa tahajia yetu litakataliwa. Talaka ni TALAQ, pointi 14. Nikabu ni NIQAB, 16. Kibla ni QIBLA, 16 pia. Kasida ni QASIDA, nayo 16. Fakiri ni FAQIR, 17, ingawa kwa Kiingereza humaanisha zaidi mtawa anayeishi kwa sadaka, si maskini yeyote. Yote haya yamo katika orodha ya Collins, na yote yanaungika S mwishoni. Ukicheza kwa orodha ya Amerika Kaskazini, hakikisha moja moja kwanza.

Jani la mirungi ni QAT, pointi 12, na hili ndilo la kukariri mara tu baada ya QI, kwa sababu lina herufi tatu na linatumia A na T ambazo ziko nyingi. QANAT ni mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi, wa kale, maarufu sana Iran. Hilo Kiswahili hakikulichukua, itabidi ulijifunze.

Ila usidhani kila K yetu ina Q ng'ambo ya pili. Kahawa ni qahwa kwa Kiarabu, lakini safari ya neno hilo kwenda Uingereza ilipitia Uturuki na Ulaya, likafika limeshakuwa COFFEE. Tumia Kiswahili kama taa ya kukukumbusha, na kamusi kama hakimu.

Yako pia machache yasiyo na uhusiano na Kiarabu ambayo huja mara kwa mara: TRANQ, dawa ya kutuliza, QWERTY, kutoka mpangilio wa kibodi, QOPH, herufi ya Kiebrania iliyo ndugu wa qaf, SHEQEL, fedha ya Israeli, na CINQ, tano kwenye dadu au karata, kutoka Kifaransa. MBAQANGA lina herufi nane, kwa hiyo ni lazima moja iwe tayari ubaoni. Sijapata kulicheza. Lakini kila ninapoona M, B na A tatu zimekaa pamoja naligeukia Q kwa matumaini.

Nje ya Scrabble

Katika Words With Friends QI ni halali na Q ina pointi 10, hivyo mbinu ni zilezile ingawa visanduku vya rangi vimepangwa tofauti. Katika Boggle QI haina kazi: neno huanzia herufi tatu, na uso wa Q kwenye dadu yake huandikwa Qu kwa pamoja. Bananagrams haina pointi, lakini ina Q mbili kati ya vipande 144, na anayerudisha kipande huokota vitatu. QI inakuokoa na adhabu hiyo. Katika fumbo la maneno la magazeti ya Marekani hutaiona peke yake, kwani majibu huanzia herufi tatu. Ukiulizwa nguvu ya uhai kwa herufi tatu, andika CHI.

Zoezi la wiki moja

Toa Q na I mbili mfukoni. Cheza zamu nne au tano za kawaida peke yako, ukiyaweka maneno ya pande zote mbili. Kisha simama, na uorodheshe kila mahali ambapo QI ingekaa, kwa Q peke yake na kwa Q pamoja na I, na pointi zake. Mwanzoni utaona sehemu moja au mbili. Ikifika siku ya nne utaanza kuziona tano, sita, hata zile za ubavuni ambako I inajiunga na T kufanya IT, na N kufanya IN, na S kufanya IS. Siku ya tano ongeza QAT. Siku ya sita zile za akiba yetu, QADI na WAQF kwanza. Siku ya saba zirudishe herufi zote mfukoni, mwite mtu, mcheze.